Maswali Yenu: Chupa za Zamani za Watoto na Kilichokuwa Ndani Yake

SWALI: Nimenunua kwenye mnada wa vitu vya kale chupa tupu ya kioo iliyoandikwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Ilikuwa dawa gani? Kweli ilituliza watoto? (Msomaji, Birmingham)

JIBU: Iliwatuliza, tena sana, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Sharubati hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1849 huko Bangor, jimbo la Maine, Marekani, kama dawa ya mtoto anayeota meno. Wakia moja, yaani kama mililita 30, ilikuwa na takriban miligramu 65 za mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na afyuni. Piga hesabu: kijiko cha chai cha mililita 5 kinabeba karibu miligramu 11. Mtu mzima ambaye hajawahi kutumia mofini huanzishiwa miligramu 5 hadi 10 za kumeza. Maelekezo ya chupa yalimpa mtoto wa miezi 6 kijiko kizima, mara 3 au 4 kwa siku.

Mofini hupunguza kasi ya kupumua, na mtoto mchanga hana akiba ya kuhimili hilo. Wapo waliolala wasiamke. Wengine walikwisha polepole: mtoto anayesinzia kutwa hanyonyi, anakonda, na majirani wanamsifu kuwa mpole. Mofini pia hufunga choo, basi kuhara kukakoma na dawa ikapata sifa ya pili. Ilipokatizwa, mwili uliokwisha kuzoea ulianza kudai: kilio, kutetemeka, kuharisha. Nyumbani ikasemwa meno yamerudi, akapewa kijiko kingine.

Uingereza walikuwa na yao, Godfrey's Cordial, ya afyuni iliyotiwa kwenye asali nyeusi ya miwa. Kasoro yake ilikuwa ya kifundi kabisa: afyuni ilituama chini ya chupa. Vijiko vya mwanzo vilikuwa hafifu, vya mwisho vikali mno. Mama aliyepima sawasawa kila siku aliweza kumuua mwanawe kwa kipimo kilekile cha jana.

Asimlaumu mtu mama huyo. Chupa haikusema kilichomo. Matangazo yalimfikia nyumbani kama kalenda, vijitabu vya mapishi na kadi za rangi zenye picha ya mama na mtoto mnono. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1906 iliyolazimisha mofini, afyuni na pombe zitajwe kwenye lebo. Mwaka 1911 chama cha madaktari wa huko kikaiweka sharubati hii katika orodha ya wauaji wa watoto, na bado iliendelea kuuzwa miaka kadhaa. Chupa yako ioshe kwa maji ya moto na sabuni, iweke kabatini kama pambo. Usitilie kitu cha kunywa.

SWALI: Nimesoma kwamba unga wa zamani waliopewa watoto wanaoota meno uliwafanya kuwa na mikono ya rangi ya waridi. Ulikuwa na nini? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Zebaki, katika umbo la kalomeli, unga mweupe usio na ladha. Ilitiwa kwa sababu inaharisha, na zamani iliaminika kwamba tumbo likisafishwa meno hutoka bila homa. Mtoto aliyedhurika viganja na nyayo zake zilikuwa nyekundu na kubambuka ngozi. Alitoka jasho jingi, alikimbia mwanga, hakutaka kula wala kubebwa, na meno yenyewe yaliweza kung'oka. Ugonjwa uliitwa ugonjwa wa waridi. Madaktari walihangaika nao miongo kadhaa, wakidhani ni virusi au upungufu wa vitamini, kwa kuwa watoto wengi walipewa unga uleule na wachache tu wakaugua. Mwaka 1945 watafiti Josef Warkany na Donald Hubbard, huko Cincinnati, Marekani, wakaikuta zebaki kwenye mkojo wa mgonjwa. Uingereza iliuondoa unga huo sokoni mwaka 1954, na ugonjwa ukatoweka karibu kabisa.

Zebaki haijatuacha. Iko katika baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua zinazouzwa kwa magendo. Ukiona calomel, mercuric iodide au mercurio kwenye lebo, usipake, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha. Lebo isiyotaja viambato nayo usiiamini.

SWALI: Gripe water, ile dawa ya msokoto wa tumbo wa watoto, je? Mama zetu wote walitunywesha. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ilitungwa na mfamasia William Woodward wa Nottingham mwaka 1851. Ya asili ilikuwa mafuta ya shibiti, baikaboneti ya soda, sukari, maji, na pombe asilimia 3.6. Pombe na sukari zinatosha kueleza kwa nini mtoto alinyamaza. Uingereza iliitoa pombe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata isiyo na pombe haina ushahidi wa maana kwamba inaponya msokoto, na mtoto chini ya miezi 6 anatakiwa maziwa ya mama peke yake.

Kilio cha msokoto hupanda mpaka wiki ya 6 hivi, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Ndiyo maana kila dawa inayoanzishwa wiki ya 7 huonekana imefaa! Mcheulishe baada ya kila titi, akiwa wima begani, na hakikisha ameshika chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi wake. Akiwa chini ya miezi 3 na joto limefika nyuzi 38, au akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, usingoje: mpeleke hospitali.

SWALI: Chupa ya kunyonyea yenye mrija mrefu wa mpira iliharamishwa kwa nini? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kwa sababu mrija haukuweza kusafishwa ndani. Mtoto alilazwa na chupa kando, akavuta maziwa mwenyewe wakati mama anafanya kazi, na hilo ndilo lililoiuza. Mabaki yaliganda kwenye mpira, vijidudu vikazaana, kuhara kukafuata. Waingereza waliziita chupa za mauaji. Ufaransa ilizipiga marufuku mwaka 1910.

Kanuni haijabadilika: chombo cha mtoto kiwe kile ambacho brashi inafika kila pembe. Osha kwa sabuni, kisha chemsha chupa na chuchu zikiwa zimezama kabisa. Hewa ikibaki ndani, sehemu hiyo haikuchemka. Maziwa ya unga hukorogwa kwa maji yaliyochemka na kupoa si zaidi ya nusu saa, yawe bado na nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe huweza kuwa na vijidudu. Kisha yapooze kwa kuiweka chupa kwenye maji baridi. Kijiko cha unga kiwe sawasawa na ukingo. Anayepunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi anamshibisha mtoto maji. Yaliyobaki baada ya saa 2 yamwage.