Mgonjwa yumo ndani ya kemia: barua kwa binti yangu

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Katwe. Sisi ni wazima, na bibi yako anauliza kila siku kama unakula vizuri huko.

Umeniandikia: "Mama, nimekuja Mbarara kusomea udaktari, lakini tangu tuanze ni atomu, elektroni na bondi tu. Mgonjwa yuko wapi katika haya? Kwa nini tusianze na moyo, mapafu na damu?" Miaka mingi nimekaa na hadubini ya kituo cha afya, kwa hiyo swali lako linanigusa, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu naona unataka kuyapita masomo haya kwa kukariri. Usifanye hivyo. Mgonjwa yumo humo humo.

Kwanza ujue kwamba mwilini hamna maada ya pekee. Zamani wataalamu wa Ulaya waliamini kuwa vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai vinahitaji nguvu fulani ya uhai ambayo haipatikani kwenye chupa. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akapata urea, ile ile ya kwenye mkojo, kutokana na chumvi ya maabara, bila figo wala mnyama. Imani ile haikufa siku hiyo, lakini ilianza kulegea. Ukiupima mwili wa mtu kwa uzito, oksijeni ni kama 65 kwa mia, kaboni 18, haidrojeni 10 na naitrojeni 3. Hizo nne zimeshachukua 96 kwa mia, na zote zimo hewani na majini. Kinachomtofautisha mtu na hewa anayovuta ni jinsi atomu zake zilivyoshikana. Ndiyo maana mmeanzia kwenye bondi.

Kushikana huko ni kazi ya elektroni za nje. Chukua chumvi ya ziwa letu. Sodiamu ina elektroni moja ya nje ambayo ni rahisi kuondoka. Klorini imepungukiwa na moja. Sodiamu yenyewe ukiitia majini inalipuka, na klorini yenyewe ni gesi ya sumu. Elektroni moja ikihama kutoka huku kwenda kule zinapatikana ioni mbili, yaani atomu zenye chaji ya umeme, moja chanya na moja hasi, nasi tunazitia kwenye mboga. Viini vya atomu havikuguswa kabisa. Ziwa Katwe halina mto unaotoka, kwa hiyo jua la kiangazi likikausha maji, ioni zinabaki, zinakaribiana na kujipanga kuwa fuwele, na wachimbaji wanazikusanya kama wazee wao walivyofanya kwa karne nyingi.

Sasa zifuate ioni hizo mwilini. Kwenye damu, nje ya seli, sodiamu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, na ndani ya seli ni kidogo sana. Potasiamu ni kinyume: ndani ni kama 140, nje ni 3.5 hadi 5 tu. Kwenye jedwali la elementi hizi mbili zimo safu moja, kila moja ina elektroni moja ya nje, na kila moja inakuwa ioni chanya. Seli inazitenganisha hata hivyo. Pampu iliyo kwenye utando wake inatoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na kila mzunguko unakula molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo inayopitisha ujumbe kwenye neva na kuuwezesha moyo kupiga. Utakapoingia wodini utamwona mgonjwa wa figo akiambiwa apunguze matoke, kwa kuwa yana potasiamu nyingi na figo zake haziwezi kuitoa. Utafundishwa pia kwamba kloridi ya potasiamu haidungwi upesi kwenye mshipa, maana inaweza kusimamisha moyo. Anayeelewa ioni hahitaji kutishwa ili akumbuke kanuni hiyo.

Bondi za kovalenti nitazipita haraka, vitabu vyako vinazieleza vizuri: atomu mbili zinatumia elektroni kwa pamoja. Kaboni inaweza kushika nne, kwa hiyo inajenga minyororo, matawi na pete, na humo ndimo zinamotoka sukari, mafuta na protini.

Kwenye maji nataka ukae. Oksijeni inavuta elektroni kuliko haidrojeni, na molekuli ya maji imepinda, nyuzi 104.5, kwa hiyo upande wa oksijeni una hasi kidogo na upande wa haidrojeni una chanya kidogo. Basi molekuli zinavutana, haidrojeni ya hii kwa oksijeni ya ile. Mvuto huo tunauita bondi ya haidrojeni, nao una nguvu kama moja ya ishirini tu ya bondi inayoishikilia haidrojeni ndani ya molekuli yenyewe. Unakatika na kuungika tena kwa muda mfupi usiohesabika kwa saa ya kawaida. Wanafunzi wengi wanaudharau kwa sababu ya udhaifu wake. Mimi nakwambia udhaifu huo ndio msingi wa uhai. Bondi ya kovalenti ni kitambaa cha shati, na bondi ya haidrojeni ni vifungo vyake: unalifungua na kulifunga kila siku bila kuchana kitu. Pande mbili za DNA, molekuli inayobeba urithi, zinashikana kwa vifungo hivyo, viwili kati ya herufi zake A na T, vitatu kati ya G na C, ili seli iweze kuzifungua, kusoma na kunakili, huku uti wa kila upande ukibaki mzima. Kama pande zile zingeunganishwa kwa kovalenti, urithi ungekuwa kitabu kisichofunguka.

Maji yana tabia nyingine: yanapokea kila chenye chaji na kukisukuma pembeni kila chenye asili ya mafuta. Kwa tabia hiyo utando wa seli unajipanga wenyewe, vichwa vyenye chaji vikitazama maji, mikia ya mafuta ikijificha katikati. Na kwa tabia hiyo hiyo tunapata sikoseli, ugonjwa ulioniondolea mimi shaka yote kuhusu umuhimu wa kemia.

Sikiliza vizuri hapa. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, ndizo pingili zinazounda protini. Kwa mgonjwa wa sikoseli, ile ya sita imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi na inayopenda maji, imekaa valini, isiyo na chaji na yenye tabia ya mafuta. Moja tu kati ya 146. Oksijeni ikiwepo, mambo yanakwenda. Oksijeni ikitoka, himoglobini inabadilika umbo kidogo, na ile valini inakimbia maji kwa kujibanza kwenye himoglobini ya jirani, na hiyo kwa nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda seli kuwa kama mundu. Seli iliyopinda inaziba mishipa midogo. Mtoto analia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha kwa sababu kundi dogo la atomu lilikwepa maji.

Maabara tunaliona kwa macho. Tone la damu tunalichanganya na tone la sodiamu metabisalfaiti, tunalifunika kwa kioo chembamba na kusubiri. Kemikali ile inanyonya oksijeni, na seli zilizokuwa duara zinaanza kuchongoka. Kipimo hicho hakitofautishi aliyerithi jeni moja na mgonjwa mwenye mbili. Kwa hilo himoglobini inapitishwa kwenye umeme. Aliyepoteza glutamiki amepoteza chaji hasi, kwa hiyo himoglobini yake inasafiri kwa mwendo tofauti. Linus Pauling na wenzake walitumia njia hiyo mwaka 1949 nchini Marekani wakaonyesha kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli. Mwaka huo huo Lehmann na Raper walichapisha vipimo vya Uganda: kwa Baamba wa Bundibugyo, ng'ambo ya Rwenzori kutoka kwetu, watu kama 45 kwa mia walikuwa na jeni hiyo. Mwaka 1954 Anthony Allison akaeleza, kwa kupima watoto wa karibu na Kampala, kwamba wenye jeni moja wanakingwa kiasi dhidi ya malaria. Kemia, urithi, mbu na historia ya nchi yetu, vyote vimekutana kwenye asidi amino ya sita. Wewe unataka kuliruka somo hilo!

Kuna jambo la pili ambalo kila mama wa hapa analijua bila jina lake la kitaalamu. Mtoto anayeharisha sana ukimpa maji matupu hayamkai vya kutosha. Ukimpa sukari na chumvi pamoja, anafufuka. Kwenye ukuta wa utumbo kuna protini ambayo huingiza glukosi moja ikiandamana na ioni mbili za sodiamu. Kimoja kikikosekana, kingine hakipiti mlango huo. Vikipita, maji yanafuata. Mwaka 1971, kwenye kambi za wakimbizi huko Bongaon, India, kipindupindu kilipozuka na dripu zikawa hazitoshi, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa mchanganyiko huo wa kunywa. Vifo vilishuka kutoka kama 30 kwa mia hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS ya leo, yaani mchanganyiko huo wa kunywa, kwa lita moja ya maji, ina gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti. Sasa kila gramu hapo unaweza kuisemea kazi yake. Pakiti zikiisha tunawafundisha akina mama vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji safi, na tunasisitiza iwe chumvi ya dukani, kwa sababu ile ghafi ya ziwani imechanganyika na salfeti na kabonati. Sukari haizidishwi pia: mchanganyiko mzito sana unavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha tumboni, kama chumvi inavyokausha ngozi za wachimbaji wetu mpaka inapasuka.

Umeuliza kama ukariri jedwali zima la elementi. Hapana. Zijue vizuri haidrojeni, kaboni, naitrojeni, oksijeni, fosforasi na salfa. Halafu sodiamu, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na klorini. Kisha chuma kwa ajili ya himoglobini na iodini kwa ajili ya tezi ya shingo. Kwa kila moja jiulize ina elektroni ngapi za nje na inapenda kufanya nini nazo.

Pesa ya kitabu nitakutumia kwa simu Ijumaa. Sura inayofuata ni asidi na besi, nayo usiisome mbio. Damu inakaa kati ya pH (kipimo cha uasidi) 7.35 na 7.45, na bikaboneti pamoja na pumzi ndivyo vinavyoilinda. Ukiimaliza, niandikie unieleze kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa anapumua kwa kina na kwa haraka ilhali mapafu yake ni mazima. Nitasoma kila mstari.

Mama yako