Ameniacha Nyuma Sehemu Saba

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, mume wangu 38. Kwa miaka sita sasa tuna jambo letu: watoto wakishalala, tunakaa tunatazama tamthilia, sehemu moja tu kwa usiku, na usiku wa Ijumaa sehemu mbili. Hatukuwahi kuwekeana ahadi kwa mdomo, lakini hakuna aliyewahi kutazama bila mwenzake. Wiki iliyopita tulifika pale ndugu wa stelingi anapogundulika kuwa ndiye msaliti. Nilipiga ukelele mpaka nikajiziba mdomo. Mume wangu hata hakushtuka. Alikuwa ananitazama mimi. Kesho yake nikafungua orodha ya vilivyotazamwa kwenye akaunti yetu. Amenitangulia sehemu saba, zote kati ya saa nane na saa kumi usiku. Huyu ambaye akigusa mto tu anakoroma! Nilipomuuliza akasema, "Ni tamthilia tu, na kujua mbele hakuharibu kitu." Leo siku ya tano nimemnunia. Dada yangu ananicheka, anasema mtu mzima hagombani kwa ajili ya runinga, halafu hapo hapo ananishauri nitazame msimu mzima peke yangu nimkomeshe. Shangazi, je, mimi ni mtoto? Na nifanye nini?*

*Niliyeachwa Nyuma*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako moja kwa moja, nikataka hata kumnunia huyo bwana kwa niaba yako. Mara ya pili nikakwama kwenye mstari mmoja ambao wewe umeupita mbio. Nitaurudia, usiwe na haraka.

Tuanze na dada yako, maana huyo hatuchelewi kummaliza. Mwambie kwamba tarehe 21 Machi 1980, huko Marekani, tamthilia ya Dallas ilifunga msimu kwa mhusika wake J.R. Ewing kupigwa risasi na mtu asiyeonekana. Jibu la nani aliyefyatua lilikuja tarehe 21 Novemba mwaka huo huo. Miezi minane! Katika muda huo watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, waliwekeana dau, na watayarishaji walirekodi wahusika kadhaa tofauti wakifyatua ile bastola ili siri isivuje. Usiku wa jibu walikaa mbele ya runinga watu zaidi ya milioni 80. Kama huo ni utoto, basi ulienea. Wewe si mtoto, na dada yako naona ana tamthilia yake mahali anayoificha.

Sasa kilichokuuma. Umeandika kana kwamba umeibiwa hadithi, lakini hadithi bado unayo yote. Hizo sehemu saba zinakusubiri na hazijapungua hata dakika. Ulichonyang'anywa ni mwenzako wa kungoja. Mlikuwa wawili msiojua. Sasa yeye anajua na wewe hujui, na mmekaa kwenye kochi lile lile kama mwalimu na mwanafunzi.

Hili la kutanguliwa ni jambo jipya duniani kuliko unavyodhani. Charles Dickens alipoanza kutoa hadithi yake ya kwanza ndefu huko Uingereza mwaka 1836, aliitoa vipande vipande, kijitabu kimoja kwa mwezi. Mwenye mali na asiye na kitu waliishia ukurasa ule ule. Kuna waliokuwa wakisomewa na mwenzao anayejua kusoma, nao wakabaki na swali lile lile mpaka mwezi ujao. Hakuna aliyeweza kumtangulia mwingine, kwa sababu mbele hakukuwa na kitu. Mwandishi mwenyewe alikuwa bado anaandika. Runinga ikafuata njia hiyo hiyo kwa miaka mingi: wiki hii sehemu moja, wiki ijayo nyingine, ukikosa umekosa. Kisha mwaka 2013 Netflix ikaachia msimu mzima wa tamthilia yake, sehemu 13 kwa siku moja, na mtindo huo ukazoeleka. Kwa tamthilia zinazoachiwa hivyo, hakuna wa kumlazimisha mtu angoje. Anayengoja, anangoja kwa hiari yake, na mara nyingi anangoja kwa ajili ya mtu fulani.

Miaka sita mumeo amekuwa akikungojea. Sehemu ya pili ilikuwa pale, kitufe kiko chini ya kidole, na sekunde chache tu kinajibonyeza chenyewe. Naye akazima, akaenda kulala. Usiku baada ya usiku. Usiisahau hesabu hiyo kwa sababu ya sehemu saba.

Hoja yake kwamba kujua mbele hakuharibu kitu, ngoja niitendee haki, maana si ya kipuuzi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakafichuliwa mwisho kabla ya kusoma, wengine wakaachwa gizani. Waliofichuliwa walizifurahia hadithi hizo zaidi kidogo. Ndiyo, zaidi. Mimi mwenyewe nina vitabu vya katuni nimevirudia mpaka kurasa zimelegea, na najua kila kisanduku kinasema nini, na bado moyo unanienda mbio pale pale pa siku zote. Kwa hiyo mumeo ana nusu ya ukweli mkononi.

Nusu nyingine ni kwamba wale watu walisoma kila mmoja peke yake. Hakuna aliyekaa ubavuni mwao akijua tayari. Mtu ukifichuliwa unaweza kuamua kufurahia jinsi jambo lilivyosukwa badala ya kushangaa. Lakini ukiwa hujui na mwenzako anajua, anajizuia kucheka mapema, anakukodolea macho pale pabaya panapokaribia, hapo huwezi kushangaa kwa amani wala kutafakari kwa amani. Nilikulia na kaka yangu mkubwa ambaye gazeti lenye katuni za mfululizo lilikuwa linaanzia kwake. Hakuwa ananisimulia mwisho, hapana. Alikuwa anakaa karibu yangu ananitazama ninavyosoma, anatabasamu. Siku moja nililichukua kabla yake nikakata ukurasa wa mwisho kwa mkasi, nikauficha ndani ya mto. Alinitafuta ugomvi wiki nzima. Sijutii hadi leo.

Tofauti yake na mumeo ni hii: kaka yangu alifurahia ujinga wangu. Mumeo, nahisi, alikuwa anakungoja ufike. Kwa maneno yako mwenyewe, ndugu alipogeuka msaliti, mwanamume huyu hakuitazama skrini, alikutazama wewe. Tayari alishashtuka peke yake gizani, pasipo mtu wa kumgusa mkono na kumwambia "umeona?" Akaja kuutafuta ule mshtuko usoni kwako. Simtetei. Nakuonyesha tu kwamba hata yeye alipungukiwa.

Na hapo ndipo nilipokwama. Saa nane mpaka saa kumi usiku, mwanangu! Umeandika kwamba huyu ni mtu anayekoroma akigusa mto, ukaweka alama ya mshangao, kisha ukaendelea na dada yako. Mimi ningeishia hapo. Mtu aliyelala vizuri kwa miaka sita, ghafla yuko macho usiku wa manane, amekaa na sauti imepunguzwa ili asimwamshe mtu, anatazama sehemu baada ya sehemu. Mwenye uroho wa hadithi angetazama mchana, njiani, wakati wa mapumziko ya kazi. Huyu ametazama wakati tu ambapo usingizi haupo.

Katika Alfu Lela Ulela, baadhi ya matoleo yanasema yule mfalme alikubali kumsikiliza Shahrazadi usiku wa kwanza kwa sababu alikuwa hapati usingizi. Binti yule, ambaye mfalme alikusudia kumuua asubuhi, akasimulia mpaka alfajiri, akakata penye utamu, na kulipokucha akaponea. Sisi tunamsifu msimuliaji kwa werevu wake, na anastahili, lakini hatumuulizi mfalme kilichomkosesha usingizi ni nini. Hadithi ya mfululizo ni dawa nzuri ya usiku mrefu. Inakushika mkono na kukupeleka mpaka kunapambazuka, na kwa muda huo huwazi kilichokuamsha.

Kwa hiyo usianze na zile sehemu saba. Vunja huo ununio, siku tano zinatosha kwa kosa la ukubwa huu, na tafuta wakati ambapo runinga haipo kati yenu: mnapokunja nguo, au mnapotoka matembezini. Mwambie, "Nimeona umekuwa ukiamka saa nane. Kinachokuamsha ni nini?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu, usimtajie majibu matatu achague. Wanaume wengi, na wanawake pia, ukiwapa jibu rahisi watalipokea waondoke nalo. Akisema "hamna kitu," mwambie sawa, na kwamba usiku akiamka anaweza kukuamsha. Halafu umwache. Litarudi lenyewe, labda baada ya siku mbili, labda katikati ya sehemu inayofuata.

Huenda ni kazi. Huenda ni deni, au maumivu mahali fulani anayoyaogopa. Huenda pia hakuna siri yoyote: aliamka siku moja kwa bahati mbaya, akashika simu, ikawa mazoea, na sasa mwili wake umejifunza kuamka saa ile ile. Mimi sijui, na wewe pia hujui, kwa hiyo tusimtungie. Kukosa usingizi kukiendelea wiki baada ya wiki, amwone daktari. Hilo si la shangazi. Na neno moja la kukugombeza: orodha ya vilivyotazamwa ni ya wote wawili, umeiona, basi. Usiteremke kwenye ujumbe wake kutafuta sababu ya saa nane. Ukitafuta humo utapata kitu, hata kama hakipo.

La tamthilia sasa, maana najua bado unalitaka.

Endeleeni pale pale mlipofikia. Zile saba azitazame tena pamoja nawe, mdomo umefungwa, na macho kwenye skrini. Mkataze kabisa kukutazama usoni mpaka mfike alipoishia yeye. Kile kipengele cha sehemu inayofuata kujianzisha chenyewe kizimeni kwenye mipangilio, Netflix wanaruhusu na huduma nyingine nyingi vilevile. Kidole kinapolazimika kubonyeza, mtu anapata nafasi ya kukumbuka ana mwenzake. Na kama usiku bado utakuwa mrefu kwake, mpe tamthilia ya usiku, nyingine kabisa, ikiwezekana ile usiyoipenda hata kidogo, ya mapanga au ya magari. Hiyo awe huru nayo. Asubuhi akikusimulia, sikiliza, hata kama unapiga miayo.

Pia jaribuni kitabu cha katuni, kimoja, mkiwa mmekaa bega kwa bega. Wachoraji wana hila ambayo runinga haina: jambo la kushtua hulificha nyuma ya ukurasa, ili mkono wako mwenyewe ndio ulifunue. Ukiona ukurasa umeishia mtu anafungua mlango macho yamemtoka, jua alichokiona kiko upande wa pili. Wekeni sheria kwamba anayesoma polepole ndiye anayefunua. Kama ni wewe, mfanye angoje. Soma mpaka maandishi madogo ya "mlango: kriiiii". Chunguza kivuli pembeni. Mwache ateseke ubavuni mwako, na hiyo ndiyo iwe adhabu yake, sitaki nyingine. Kuna hadithi za Kijapani zimeanza miaka ya tisini na bado zinachapishwa, kwa hiyo adhabu inaweza kuwa ndefu kadiri unavyotaka.

Ushauri wa dada yako wa kutazama msimu mzima kumkomoa, usiuguse. Utamaliza saa tano usiku wa Jumapili, macho mekundu, ukijua yote, na mtu pekee unayetaka kumsimulia ni yule uliyekuwa unamkomoa.

Ukishamuuliza lile swali la saa nane, niandikie. Barua yako umeikata penye utamu, na mimi sina pa kufunulia ukurasa.

Shangazi yako