Muvi mbaya, au TV yako?

Mwezi huu tuliwauliza wasomaji: muvi gani umeitazama karibuni, na nini kimekuudhi? Barua nyingi zinawalaumu waongozaji na waigizaji. Lawama nyingine tunaziunga mkono, lakini nyingi zinamwangukia mtu asiyehusika kabisa.

SWALI: Nimenunua TV ya inchi 43. Muvi ya kwanza kuitazama ni ya kivita, ya pesa ndefu, lakini inaonekana kama tamthilia ya mchana. Askari wakikimbia ni kama wanateleza. Siku hizi ndiyo wanapiga hivyo? Nimeipa nne kati ya kumi. – Msomaji, Tabata

JIBU: Hizo alama zirudishe mfukoni kwanza. Kinachokuudhi ni picha ambazo mpiga picha hakuzipiga, TV yako imezibuni yenyewe. Filamu za sinema, karibu zote, hupigwa picha 24 kwa sekunde. Kioo chako hubadilisha picha mara 50 au 60 kwa sekunde, na kiwandani wameiwekea TV programu inayokisia kilichotokea kati ya picha moja na inayofuata, kisha inachora picha za kujazia. Mwendo unakuwa laini kama wa mpira au taarifa ya habari, na kwa kuwa macho yameuzoea ulaini huo kwenye vipindi vya studio, filamu ya mabilioni inaonekana imepigwa sebuleni kwa mtu.

Ukitaka ushahidi, tafuta mahali ambapo stelingi anapitisha mkono mbele ya nguzo au dirisha, utazame ukingo wa mkono. Ukiona unayeyuka kama moshi, hapo TV imekisia ikakosea.

Ingia kwenye mipangilio ya picha, kisha ile ya ndani zaidi. Kwenye Samsung inaitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanaiita TruMotion, Sony ni Motionflow. Kwa TV nyingine tafuta neno Motion. Zima kabisa, usiishie kuipunguza. Kosa linalowapata wengi ni kuzima ukiwa kwenye king'amuzi, halafu kesho unachomeka flashi na tatizo limerudi: TV nyingi zinakumbuka mpangilio wa kila tundu peke yake, kwa hiyo rudia kwa kila chanzo. Kama TV yako ni ya miaka ya karibuni, huenda ina Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019, nayo inazima mbwembwe zote kwa mpigo. Isipokuwepo, chagua Movie au Cinema badala ya Vivid. Vivid ni ya kushindana na taa za dukani Kariakoo. Nyumbani inafanya nyuso ziwe kama zimepakwa hina.

Baada ya kuzima, kamera ikigeuka kwa kasi utaona picha inarukaruka kidogo. Usishtuke, ndivyo picha 24 zilivyo. Desemba 2018 Tom Cruise alitoa video fupi akiwasihi watu waizime programu hiyo, na si mara nyingi ushauri wa stelingi unafaa sebuleni kwako.

SWALI: Mbona muvi nyingi zina weusi juu na chini? Nimelipia inchi 32 natumia nusu. – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Si nusu, ni robo tatu. TV ina uwiano wa 16 kwa 9, filamu nyingi za sinema zina upana wa 2.39 kwa urefu wa 1. Kwenye inchi 32, kioo kina urefu wa karibu sentimita 40, picha inachukua kama 30, na weusi wa sentimita 5 unabaki juu na 5 chini. Ukibonyeza zoom hadi weusi uishe, umekata robo ya picha kutoka pembeni, na waongozaji wanapenda sana kuwaweka wasemaji wawili pembeni kabisa, huku mmoja na kule mwingine. Utabaki unatazama pazia. Afadhali sogeza kiti: kwa inchi 32 kaa kama mita 1.3, kwa inchi 43 kama mita 1.8. Sofa nyingi za Dar ziko mita tatu, zimeegemea ukuta wa nyuma.

SWALI: Mimi na mume wangu tumeangalia muvi ya kijasusi. Wakiongea hatusikii kitu, risasi zikianza jirani anagonga ukuta. Rimoti haikutoka mkononi. Na sabufa tunayo! Hawa watu hawajui kupanga sauti? – Mama wawili, Mbagala

JIBU: Wanajua, ila waliipangia ukumbi wa sinema. Sauti ya 5.1 ina spika tano na moja ya besi, na maneno karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati. Sabufa yako haina spika hiyo. Maneno inabidi yagawanywe kushoto na kulia, yakagombanie nafasi na muziki na milipuko.

Anza na chanzo. Kwenye app, fungua orodha ya lugha za sauti. Ukikuta lugha hiyohiyo mara mbili, moja ikiwa na alama ya 5.1, chukua isiyo nayo. Kwenye mipangilio ya sauti ya TV, toleo la sauti liwe PCM. Kama kuna kitu kinachoitwa Night Mode, kiwashe: kinainua sauti ndogo na kubana kubwa, na jirani atalala.

Halafu njoo kwenye sabufa yenyewe. Boksi la besi likikaa kwenye kona, kuta mbili na sakafu zinaiongezea nguvu hadi inameza maneno. Litoe konani, liache sentimita 40 hivi kutoka ukutani. Punguza besi hadi theluthi ya kitufe, trebo ipite katikati kidogo. Spika ndogo ziwe pande mbili za TV, usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Zilizopachikwa juu ya kabati au nyuma ya sofa zinapendezesha chumba tu. Pima kwa taarifa ya habari: mtangazaji akisikika kama yuko ndani ya pipa, besi bado imezidi.

Mwongozaji Christopher Nolan tunamtoa kwenye msamaha huu. Yeye huacha maneno yamezwe kwa makusudi na amekuwa akilitetea hilo hadharani. Kwake washa maandishi ya chini, ndoa ibaki salama.

SWALI: Nimepata muvi yenye maandishi ya chini ya Kiswahili. Mwanzo yako sawa, ila baadaye yanatangulia, mtu anakufa kwenye maandishi kabla hajapigwa risasi. Na "ng'ombe" inasomeka "ngâ€™ombe". Muvi kali, mtafsiri hajui kazi. – Fundi simu, Sinza

JIBU: Mtafsiri mwache, haya ni mafaili mawili yasiyolingana. Pima sehemu mbili, dakika ya 5 na dakika ya 60. Tofauti ikiwa ileile kote, kazi ni rahisi: kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ukiwa na kompyuta ya Windows, H inachelewesha maandishi na G inayawahisha, kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo mibonyezo 20 ni sekunde moja. Lakini tofauti yako inakua, na hapo G na H utabonyeza mpaka asubuhi. Maandishi yalipimwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde, video yako ni ya 23.976. Ukifika saa moja, yametangulia kwa dakika mbili na nusu hivi. Fungua faili la maandishi (srt) kwenye Subtitle Edit, programu ya bure ya Windows, badilisha kasi kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi, kisha upime tena zile sehemu mbili. Ukilihamishia kwenye flashi, jina la srt liwe sawasawa na la video na yakae folda moja, la sivyo TV nyingi hazitaliona.

Ngâ€™ombe wako amezaliwa na alama ya king'ong'o iliyopinda. Faili liliandikwa kwa UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi, kichezeshi kinalisoma kwa mfumo wa zamani wa Windows, na alama moja inageuka takataka tatu. Iambie VLC isome UTF-8, au kwa TV kongwe, badilisha alama zote zilizopinda ziwe zilizonyooka ('). Iliyonyooka inasomeka kokote.

Ukitaka kumkosoa mtafsiri, hesabu mistari. Kiwango kinachotumika sana ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42. Kiswahili ni kirefu, na anayetafsiri neno kwa neno huishia kuandika gazeti chini ya picha.

SWALI: Muvi ya Kikorea ya DJ ilinichekesha mno. Nimeiona ya asili, ni msiba mtupu! – Msomaji, Manzese

JIBU: Umeona kazi mbili. Tangu enzi za kanda za Lufufu, aliyesimulia muvi za kigeni kwa Kiswahili, DJ, yaani msimuliaji wa kibanda umiza, anabeba wahusika wote kwa koo moja, anaongeza utani, na sauti ya asili inashushwa kila anapofungua mdomo, pamoja na vilio na ukimya. Msifu DJ kwa uchekeshaji wake, lakini kabla ya kusema mwigizaji hajui kulia, sikiliza kilio chake mwenyewe.

SWALI: Muvi ya Kibongo niliyoiona YouTube ina hadithi nzuri, lakini wanaongea kama wako bafuni. Hii nayo ni TV yangu? Nauliza kwa sababu nami nataka kupiga filamu fupi. – Mwanafunzi, Kijitonyama

JIBU: Vaa hedifoni usikilize tena. Mwangwi ukibaki, lawama ni halali.

Sababu ni ileile kila mara: maiki iko juu ya kamera, kamera iko mita tatu, na chumba ni cha vigae, kuta tupu na madirisha ya aluminiamu. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja inashuka desibeli 6, mwangwi wa chumba haushuki. Kuusafisha vizuri baadaye ni vigumu. Wengi hufunika kwa muziki mzito, ndiyo maana huzuni nyingi za Bongo zina kinanda kisichonyamaza.

Kwa kuwa umesema unataka kupiga filamu fupi: maiki iwe kwenye fimbo, sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, juu kidogo ya ukingo wa picha. Mahali kamera haioni, simamisha godoro na utandike mablanketi sakafuni. Zima feni, maana muungurumo wake unaruka kila unapokata kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kabla ya kuhama chumba, kila mtu anyamaze sekunde 30 urekodi ukimya wa pale. Ndio utakaoziba mashimo wakati wa kuhariri.

Friji nayo ichomoe. Na funguo za gari au pikipiki ziweke ndani yake, maana bila hivyo mtaondoka usiku, na kesho mwenye nyumba atawapigia kuhusu samaki wake.