Upinde wa babu umelia nilipoutia kamba. Nifanyeje kabla ya Julai?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina upinde wa marehemu babu, wa mti wa mkole. Umetundikwa juu ya meko tangu mwaka juzi. Wiki iliyopita niliutia kamba, nikauvuta kidogo, ukalia "ka!" Ufa sijauona. Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai 1. Nitaukagua vipi, na niupake nini?
Msomaji, Liwale

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Vua kamba leo hii, na usiuvute tena mpaka umalize haya. Mti ukilia, huenda kuna nyuzi za mti zimeachia ndani hata kama jicho halijaziona.

Mkole wenyewe hauna ubaya. Ni mti unaopinda na kurudi. Wapo wanaonijia hapa Masasi wakitaka upinde wa mpingo kwa sababu ya sifa zake, nami huwakatalia: mpingo ni mzito hata majini unazama, na mikono ya upinde, yaani vipande viwili vinavyopinda juu na chini ya mshiko, ikiwa mizito hairushi mshale kwa kasi.

Ninachokitilia shaka ni meko. Wazee walitundika vitu kwenye moshi ili bungua wasivile, na walifanya vyema. Lakini upinde unaotumika hushushwa mara kwa mara ukapata hewa. Wako umekaa pale muda wote huo, umekauka kupita kiasi. Mti wa upinde hutaka ubaki na unyevu kidogo, asilimia 8 hadi 12 hivi. Ukipungua sana unakuwa kama bua la mtama: badala ya kupinda, unakatika. Niliwahi kuletewa upinde wa namna hiyo, mwenyewe akauvuta mbele yangu kabla sijaushika. Kipande kilimpita sentimita chache kutoka jichoni. Tangu siku hiyo sivuti upinde wa mekoni kabla haujapumzika.

Kwa hiyo ushushe, ufute masizi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha uulaze juu ya vigingi viwili chumbani, mbali na moto na jua, wiki tatu au nne. Usiuloweke. Maji ya haraka huvimbisha nje huku ndani kukibaki kukavu.

Baada ya hapo, ukagulie nje mchana. Chukua pamba kidogo uipitishe taratibu mgongoni, yaani upande unaotazama windo. Pamba ikinasa, hapo pana uzi wa mti ulionyanyuka. Ufa mfupi unaofuata urefu wa mti, usiofika ukingoni, mara nyingi hauna neno. Ufa unaokatiza mgongo, hata mwembamba kama unywele, ndio mwisho wa upinde huo. Utundike ukutani uwe kumbukumbu ya babu. Kisha geuza tumboni, upande unaokutazama wewe, upitishe ukucha. Ukihisi mikunjo midogo inayokatiza, mti umebonyea, nao hautengenezeki. Tazama pia vitundu vyenye vumbi kama unga: hao ni bungua.

Ukiwa mzima, utie kamba mpya. Usitumie mshipi wa kuvulia. Unavutika na mafundo yake yanateleza. Sokota uzi imara wa kushonea viatu, uupake nta ya nyuki. Kati ya kamba na mshiko pawe na nafasi ya ngumi yenye dole gumba lililosimama, kama sentimita 15. Simama mbali kidogo uone kama mikono yote miwili imepinda sawasawa. Halafu uvute robo, mara ishirini, ndipo nusu, ukisikiliza. Usiiachie kamba bila mshale, maana nguvu yote hurudi kwenye mti. Ukimaliza kazi, vua kamba.

Kuhusu kupaka: nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo ya ufuta, safu nyembamba, usugue mpaka ing'ae. Oili chafu ya gari hapana.

Na kibali, mwanangu. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uwaulize kama kibali chako kinaruhusu upinde, na kwa mnyama gani. Kama podo la babu lina mishale yenye sumu, usiiguse kwa mikono mitupu wala usiende nayo porini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza.

Ukilia tena wakati wa kuvuta robo, acha hapo hapo, uniandikie mlio umetokea mkono gani, wa juu au wa chini.