Jibu: Ukibana gesi, mbona rangi inakolea badala ya kufifia?

Mleta mada ameuliza mawili: kwa nini kitabu kinasema kubana mchanganyiko wa gesi za NO₂ na N₂O₄ (mbili zinazogeukana) kunapunguza NO₂, ilhali kwenye video rangi ya kahawia inakolea, na je, kutia agoni (gesi isiyoungana na nyingine) chomboni ni kuongeza shinikizo? Nafundisha tuisheni ya kemia hapa Buruburu, na kidato cha nne hukwama papo hapo kila mwaka.

Rangi kwanza. N₂O₄ haina rangi. Kahawia yote ni ya NO₂, na molekuli moja ya N₂O₄ huvunjika kuwa mbili za NO₂. Chukua bomba la sindano la kioo lililozibwa mdomo, nyuzijoto 25, shinikizo la jumla atimosfia 1. K (shinikizo la NO₂ lizidishwe kwa lenyewe, ligawanywe kwa la N₂O₄, mchanganyiko ukiwa umetulia) ni takriban 0.15, kwa hiyo NO₂ ina atimosfia 0.32 na N₂O₄ ina 0.68. Sukuma pistoni ghafla mpaka ujazo ubaki nusu: sasa ni 0.64 na 1.36. Zidisha 0.64 kwa 0.64, gawa kwa 1.36, unapata 0.30, mara mbili ya K. Basi NO₂ itaungana kuwa N₂O₄ mpaka zitulie kwenye 0.47 na 1.45 hivi. Itazame hiyo 0.47: imeshuka kutoka 0.64, lakini bado imeipita 0.32 ya mwanzo. Ukitazama bomba kwa ubavuni, rangi inakolea ghafla, inafifia kidogo, wala hairudi ilikokuwa. Kitabu kinahesabu molekuli za NO₂. Jicho linaona zilivyosongamana. (Msijaribu nyumbani. NO₂ huharibu mapafu, na madhara yake yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.)

Agoni inategemea. Ujazo usipobadilika, geji itapanda, lakini NO₂ na N₂O₄ kila moja inabaki na shinikizo lake lile lile, kwa hiyo hakuna kinachosogea. Pistoni ikiwa huru, agoni inaisukuma nje, gesi zetu zinapata nafasi, na N₂O₄ inavunjika zaidi. Watunzi wa mitihani hupenda kulificha neno "ujazo" katikati ya sentensi, litafuteni kwanza.

H₂ na I₂ kutoa 2HI: moli mbili huku, mbili kule. Bana utakavyo, hakuna kinachosogea.

Wengi huandika shinikizo la atimosfia 200 kwa kila kiwanda. Kwa amonia sawa, moli nne zinakuwa mbili. Kwa SO₃, inayotokana na SO₂ na oksijeni, tatu zinakuwa mbili, ila kwa nyuzi 450 na kichocheo cha vanadi zaidi ya asilimia 95 ya SO₂ hugeuka kwenye atimosfia 1 au 2 tu. Kubana zaidi ni gharama ya bure.

Zoezi la wenyeji: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni atimosfia 0.82 hivi. Bomba lile lile, pistoni ikiwa huru na joto likiwa lile lile, NO₂ ni asilimia 35 ya molekuli hapa, 32 Mombasa. Rangi je? Ya Mombasa ndiyo iliyokolea: 0.32 dhidi ya 0.28 yetu.