Homa ya mzazi na kipimo cha mkojo: maswali yenu

Nilifika wadini na uchungu mkali, muuguzi akanipa kikopo nikakojoe. Mbona hakunishughulikia kwanza? (Mama wa Langoni, Lamu)

Huko ndiko kukushughulikia, mama. Kijiti kinachochovywa kwenye mkojo hubadilika rangi baada ya muda mfupi tu, na jambo kubwa linalotazamwa ni protini. Protini ikionekana na presha imepanda, kuna hatari ya kifafa cha mimba. Huonyesha pia sukari, na ketoni, ambazo hutoka mtu akikaa saa nyingi bila chakula. Tena kule kukojoa kwenyewe kuna faida, kwani kibofu kikijaa humzuia mtoto kushuka.

Lakini chupa ikishapasuka, maji yake na damu huingia kwenye mkojo, na protini huweza kuonekana hata kama figo ni nzima. Kuhusu vijidudu, kijiti hutoa dokezo tu. Jibu la kutegemewa hupatikana mkojo ukioteshwa maabara, yaani vijidudu vilivyomo vikiachwa vikue vitambulike, nalo huchukua siku moja au mbili, pengine zaidi. Kwa hivyo mkojo kuonekana safi siku ya kuzaa hakumlindi mzazi mpaka arubaini.

Dada yangu ana siku tisa tangu azae. Tangu jana ana homa, atetemeka kwa baridi, na mgongo wamuuma upande wa kulia chini ya mbavu. Amepimwa malaria, hana. Mama asema ni chango, akandwe kwa maji ya moto. (Siyu)

Mpelekeni hospitali leo. Mnajua wenyewe maji yakipwa boti haitoki Siyu, basi msingoje usiku kuona kama homa itashuka.

Nawaheshimu mama zetu na kukanda kwao, na najua mzazi anavyopata nafuu mikononi mwao. Ila maumivu ya chango huja chini ya kitovu, tumbo la uzazi linapojikaza kurudi mahali pake, hasa mtoto akinyonya. Hayaleti homa ya kutetemesha. Dalili ulizozitaja zinafanana sana na ugonjwa wa figo. Wakati wa mimba mirija inayotoa mkojo kwenye figo hulegea na kupanuka, zaidi ule wa kulia, mkojo ukawa unatuama. Baada ya kuzaa huchukua wiki kadhaa kurudi ilivyokuwa, na vijidudu, mara nyingi vile vinavyoishi matumboni, hupata njia ya kupanda. Vikiingia damuni, mama anaweza kufa.

Daktari atatazama pia tumbo la uzazi, matiti na kidonda kama kipo, maana homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya kuzaa ina sababu nyingi. Ombeni mkojo upimwe kabla ya dawa kuanza, bila dawa kucheleweshwa. Ajisafishe kwanza, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati, damu ya nifasi isiingie.

Nachomwa sindano za figo. Nimwachishe mtoto titi? (Shela)

Usimwachishe. Dawa nyingi zinazotumika, kama seftriaksoni, zinakubalika kwa anayenyonyesha, mradi daktari ajue kuwa unanyonyesha. Ukipewa vidonge vya kuendelea navyo nyumbani, vimalize hata homa ikiisha siku ya pili. Matibabu yote huwa siku 7 hadi 14.

Madafu husafisha figo?

Yanywe, yanaongeza maji mwilini. Vijidudu hayaviui.

Nilizaa kwa upasuaji, nikawekewa mpira wa mkojo. Ulipotolewa nilikaa tangu asubuhi hadi alasiri bila kukojoa, nikaona haya kusema. (Malindi)

Haya hiyo naifahamu, na inaniuma kuona wanawake wakiteseka kwa ajili yake. Saa sita zikipita tangu kuzaa, au tangu mpira utolewe, bila kukojoa, mwite muuguzi. Kibofu kinachojaa kupita kiasi hulegea, mkojo hubaki ndani, na vijidudu huzaliana humo. Mpira wenyewe pia huweza kuviingiza. Sasa ukiona mkojo wakuchoma, au wataka kwenda haja kila mara na kinachotoka ni matone, rudi ukapimwe kabla homa haijaanza. Na kama kliniki iliwahi kukuambia una vijidudu kwenye mkojo ulipokuwa mjamzito, hata kama hukuumwa, mtajie daktari hilo pia.