Kundi la damu halichagui mtoaji wa uloto

SWALI: Mwanangu ana miaka 7. Saratani yake ya damu, ile ya aina ya ALL, imerudi baada ya matibabu ya dawa, na sasa tumeambiwa atahitaji kupandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ana kaka mmoja na dada mmoja, lakini mimi ndiye mwenye kundi la damu sawa na lake. Mbona daktari anataka kuwapima watoto kwanza?

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Kundi la damu tulilozoea kuliulizia mgonjwa anapoongezewa damu si kigezo kikuu hapa. Yakitofautiana, maabara hupunguza seli nyekundu au plazma katika uloto uliotolewa, na baada ya miezi kadhaa mtoto mwenyewe huwa na kundi la mtoaji wake. Kinachotazamwa ni alama za HLA, yaani protini zilizo juu ya seli, ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua kilicho chake na kilicho kigeni.

Vinasaba vya alama hizo vimekaa karibu karibu kwenye kromosomu ya 6, kwa hiyo hurithiwa kama fungu moja: mtoto hupokea fungu moja kwa baba na jingine kwa mama. Ndiyo maana wewe unalingana naye nusu, ilhali kila mtoto wa baba na mama wale wale ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa amepokea mafungu yale yale mawili. Mkiwapima wawili, uwezekano wa kumpata angalau mmoja anayelingana naye kikamilifu ni kama asilimia 44. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti kwa kawaida hafikii ulinganifu huo. Kama hali ndiyo hiyo, daktari aambiwe mapema, hata faraghani, ingawa nyumbani wote huitwa ndugu tu.

Wasipolingana, hutafutwa mtu baki katika rejista za kimataifa, na hapo sisi tuna shida: alama za HLA za watu wenye asili ya Afrika zina aina nyingi mno, na waliojiandikisha ni wachache. Nchini Marekani kwenyewe, mgonjwa Mweusi hukadiriwa kuwa na nafasi ya asilimia 29 ya kumpata mtoaji anayelingana naye, dhidi ya 79 kwa Mzungu.

Kwa hiyo hujawekwa kando. Siku hizi mzazi anayelingana nusu hutumika sana, kwa sababu dawa ya siklofosfamaidi ikitolewa siku ya 3 na ya 4 baada ya upandikizaji huua zile seli za kinga za mtoaji zilizokwisha kuanza kuushambulia mwili wa mtoto. Tena, kufanana mno nako kuna hasara: uloto wa pacha wa kufanana hauleti ugomvi wowote, lakini pia hauwindi saratani iliyobaki, na ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi.

Ombeni mpimwe nyote kwa pamoja, baba akiwemo. Kwa sasa, mtoto asiongezewe damu yako wala ya ndugu yeyote, kwani anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama zenu, na kingamwili hizo zikaukataa uloto wa yule yule mliyemtegemea. Kuchangia benki ya damu kama hospitali zetu zinavyoomba si tatizo, mradi chupa yako isiishie kwake.